Barua ya Tarehe Kumi na Nne Machi

Faili lilipomfikia Sajini Hamdani Mogga mezani kwake Arua, kesi ilikuwa imekwisha kuamuliwa. Mtu mmoja amekufa, mmoja yuko mahabusu, barua imo, sahihi imo. Juu ya jalada, mkubwa wa kituo kidogo cha Oliaku alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Uzembe uliosababisha kifo. Apelekwe kortini." Kilichobaki ni Mogga kusoma, kuridhika na kutia sahihi yake chini.

Alisoma mara mbili. Habari yenyewe ilikuwa fupi. Alhamisi iliyopita, saa kumi alasiri, upepo wa mvua ulipita Oliaku, mji mdogo ulio kwenye barabara ya kutoka Arua kwenda Koboko. Katika kiwanja cha mjane mmoja aitwaye Kulusum, mti wa mahogani ulivunjika ukaangukia chumba alichokuwa amempangisha mwalimu Adrabo. Mwalimu alikuwa ndani, anasahihisha mitihani ya katikati ya muhula. Watu walipomaliza kuondoa mabati, alikuwa amekwisha kukata roho.

Oliaku ina sheria yake. Mtu hakati mti mkubwa, hata ule ulio ndani ya kiwanja chake mwenyewe, bila barua ya ruhusa ya baraza la mji. Na baraza lilisema lilimpa Kulusum ruhusa hiyo tarehe kumi na nne Machi, miezi minne kabla ya ajali. Nakala ya barua ilikuwemo. Ripoti ya ofisa wa mazingira, aliyekwenda kuukagua mti, ilikuwemo. Ukurasa wa kitabu cha kukabidhia barua nao ulikuwemo, na kwenye mstari wa mwisho kabisa palikuwa na sahihi ya mpokeaji kwa herufi za Kiarabu. Mama alipewa ruhusa, akakaa nayo, mtu akafa. Basi.

Kilichomwinua Mogga kitini kilikuwa kitu kingine. Mwanamke huyo alikamatwa Jumamosi jioni. Leo ilikuwa Jumatano.

"Sheria inaruhusu mtu akae mahabusu saa ngapi?" alimuuliza askari wa zamu alipofika Oliaku na pikipiki ya polisi.

"Arobaini na nane, afande."

"Hesabu."

Askari alikwenda kuchukua funguo.

Mama Kulusum alikuwa mtu mzima wa miaka sitini na kitu, mfupi, amejifunga shuka la maua hadi kichwani kama wanavyojifunga mama wa Kinubi. Alikaa kwenye sakafu ya saruji akiwa amekunja miguu upande, na pembeni yake palikuwa na mfuko wa nailoni ambao askari walishindwa kumnyang'anya.

"Hajati, mimi naitwa Mogga. Natoka Arua. Nataka kujua habari ya ule mti."

Mama alimtazama, kisha akafungua mfuko. Alitoa karatasi tatu zilizokunjwa vizuri. Zote zilikuwa maombi ya ruhusa ya kukata mti, zimeandikwa kwa Kiingereza na mtoto fulani wa shule, na zote zilikuwa na muhuri wa kupokelewa barazani. Ya kwanza ilikuwa ya Februari mwaka jana. Ya pili, Agosti. Ya tatu, Januari mwaka huu.

"Mimi naenda ofisi," alisema mama. "Wao nasema, ngoja mukaguzi. Mimi nangoja. Naenda tena, wao nasema, pikipiki ya mukaguzi haina mafuta, wewe leta mafuta. Mimi nasema, miti iko yangu, nyumba iko yangu, kwa nini mimi nanunua mafuta ya serikali? Wao nacheka. Afande, ile miti ilikuwa nalia. Upepo kidogo tu, inalia kama mlango."

"Kwa nini hukukata bila barua?"

"Jirani yangu alikata, mwaka juzi. Walimufunga miezi mitatu. Mimi mutu muzee, afande, nilifuata sheria." Akafuta uso kwa pembe ya shuka. "Nilimwambia mwalimu, hama. Akasema, Hajati, muhula ukiisha. Nilimwambia mara mbili. Ilifaa nimwambie mara kumi."

"Na barua ya tarehe kumi na nne Machi?"

"Mimi sikupata barua yoyote. Wallahi."

"Hukutia sahihi ya kuipokea?"

"Sikutia."

Mogga alitoa ile nakala ya ukurasa, akaiweka mbele yake. Mama aliisogeza karibu na macho. Herufi tano za Kiarabu, alama tatu juu ya moja, mkia mrefu mwishoni. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Ni mkono wako, Hajati?"

Mogga aliuliza tena. Mama alirudisha karatasi, akageuza uso ukutani.

Mogga alitoka nje akiwa amekasirika, na hasira ile ilikuwa juu ya mama. Yeye mwenyewe alisoma chuo cha Kurani utotoni huko Koboko, na alijua mkono wa mtu aliyezoea kuandika Kiarabu na mkono wa mtu anayechora. Sahihi ile haikuchorwa. Iliandikwa.

*

Ofisa wa mazingira wa Oliaku aliitwa Shafiki. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, shati jeupe limepigwa pasi, na nyuma ya kiti chake palikuwa na bango lenye picha ya mche na maneno "Panda Mti, Okoa Maisha." Alimpokea Mogga kwa mikono miwili.

"Afande, jambo la kusikitisha sana. Sisi tulifanya kazi yetu. Nilikagua mwenyewe tarehe kumi na moja Machi. Kila kitu kiko kwenye ripoti."

"Nataka kitabu chenyewe. Nakala haitoshi."

Shafiki alikitoa mara moja. Kilikuwa kitabu kirefu chenye jalada gumu. Mogga alifungua ukurasa wa Machi, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini. Tarehe tatu. Tarehe saba. Kumi na tisa. Ishirini na nane. Halafu, kwenye mstari wa mwisho, kumi na nne.

"Hii ya kumi na nne inafanya nini chini ya ishirini na nane?"

"Ah!" Shafiki alitikisa kichwa kama mtu anayemwonea aibu ndugu yake. "Karani wetu wa masijala, Sandra. Mzembe kupita kiasi. Alisahau kuiandika siku ile, akaja kuijaza baadaye. Tumempa likizo kwanza tumchunguze. Lakini barua ilimfikia mama, afande. Sahihi si unaiona?"

"Naiona."

"Basi hata karani akiwa mzembe, mama hakuwa na udhuru."

Maneno yalipangika vizuri. Mogga aliandika jina la Sandra, akauliza anakaa wapi. Shafiki alisema hajui hasa, huko Koboko vijijini. Mogga alikichukua kitabu na ripoti kama vielelezo, akamwandikia stakabadhi. Kwa mara ya kwanza tabasamu la Shafiki lilichelewa kidogo.

Kutoka mlango wa ofisi hadi kiwanja cha Mama Kulusum, Mogga alikwenda kwa miguu. Alihesabu hatua zake kwa mazoea ya kazi. Zilikuwa mia sita na arobaini.

*

Mti ulikuwa bado umelala pale ulipoangukia. Vyumba vya kupanga vilikuwa vitatu. Cha katikati kilikuwa kimebonyea kama kopo lililokanyagwa. Mwanamke mmoja kijana, aliyevaa nguo nyeusi, alikuwa amechuchumaa kwenye kifusi anaokota karatasi moja moja. Kila karatasi aliifuta udongo, akaitandaza juani na kuiwekea jiwe. Zilikuwa karatasi za mitihani.

"Pole, mama."

"Asante." Hakuinua kichwa. "Watoto wa watu wanataka alama zao. Alikuwa amebakiza kumi na moja."

Alikuwa Ocokoru, mke wa marehemu. Siku ya ajali alikuwa kwa wazazi wa mumewe huko Pajulu, kupalilia. Alisema hivyo kwa sauti kavu, kisha akamwona Mogga anafungua futi ya chuma ya kupimia.

"Na wewe tena napima? Mutu amekufa, miti iko chini, bado nyinyi napima! Yule mama afungwe, imekwisha. Alikuwa na barua ya kukata. Alikaa juu yake kama kuku."

Mogga alimwacha aseme. Alishikiza ncha ya futi kwa jiwe pale shina lilipovunjikia, akaivuta hadi kwenye kilele, akaweka alama na kuanza tena kila futi ilipoisha. Mita ishirini na saba na sentimita arobaini. Alifungua ripoti ya Shafiki. "Urefu wa mti: mita 27.40. Shina limeoza ndani, uwazi wa sentimita 60. Ni hatari kwa nyumba. Ukatwe mara moja."

Alikwenda kutazama uwazi. Pale mti ulipovunjikia palikuwa na shimo jeusi kama mdomo wa chungu, na mbao iliyooza, iliyosagika kama kahawa. Akapima. Sentimita sitini.

Ofisa hodari, alifikiri. Hakukosea hata kidole kimoja. Aliweka daftari lake juu ya kisiki ili aandike.

Mkono ukasimama.

Kisiki kilimfika kiunoni. Alikipima kuanzia ardhini: mita moja na sentimita ishirini. Kisiki hiki kilikuwa sehemu ya mti. Mwezi wa Machi, mti ulipokuwa umesimama, urefu wake ulikuwa mita ishirini na nane na sitini. Mtu aliyeandika ishirini na saba na arobaini hakupima mti. Alipima gogo lililolala.

Na ule uwazi? Alizunguka kisiki chote akitazama gamba. Lilikuwa zima pande zote, limefunga kama ngozi. Kabla ya Alhamisi hakuna jicho la binadamu lililoona ndani ya mti ule.

"Mama," alisema polepole. "Umesema na mimi tena napima. Nani mwingine alipima?"

Ocokoru alinyanyuka, karatasi mkononi. "Yule wa baraza. Ijumaa asubuhi. Mwili bado uko hospitali, sisi tumekaa hapa tunalia, yeye na mwenzake wanavuta futi juu ya vichwa vyetu. Nilisema, hata aibu hawana. Lakini mchana alirudi na turubali na viti vya matanga, nikamsamehe."

"Viti vya baraza?"

"Ndiyo. Hajati ndiye alipokea, kwa kuwa mimi sikuweza kusimama. Alitia sahihi kwenye kitabu."

"Kitabu kipi?"

"Kirefu, kigumu. Kilikuwa kimekunjwa hivi, na karatasi imefunika juu. Alimwonyesha tu mahali pa kuweka mkono."

Mogga alikitoa kitabu kwenye begi lake. Ocokoru alitazama jalada, akatazama kona iliyochanika.

"Hicho hicho," alisema.

Mogga alimfungulia ukurasa wa Machi na kumwonyesha mstari wa mwisho. Alimsomea kwa Kiswahili maneno yaliyoandikwa kando ya sahihi: barua ya ruhusa ya kukata mti, imepokelewa tarehe kumi na nne Machi. Ocokoru hakuelewa kwanza. Kisha akaelewa.

"Alimfanya atie sahihi juu ya maiti ya mume wangu," alisema. "Kwa viti. Kwa viti vya plastiki!"

*

Haikuwa vigumu kumpata Sandra. Koboko mjini, muuza vocha mmoja alimjua mamaye, na saa kumi na moja jioni Mogga alikuwa kijijini Kuluba, kwenye shamba la karanga, mbele ya msichana mwenye gauni la kazini lililochakaa na mikono yenye udongo. Aliendelea kung'oa karanga wakati Mogga anajitambulisha.

"Wamesema mimi mzembe," alisema.

"Wamesema ulisahau kuandika barua ya tarehe kumi na nne, ukaijaza baadaye."

"Miaka sita nimekaa masijala, afande. Barua moja tu ilipotea, mwaka wa kwanza, na aliyeipoteza alikuwa mkubwa. Waliikata kwenye mshahara wangu. Toka siku hiyo, kila mwisho wa mwezi nafunga ukurasa, napiga picha. Mwezi mpya, ukurasa mpya."

Alifuta mikono kwenye gauni, akatoa simu iliyofungwa kwa raba. Alitafuta kidogo. Ukurasa wa Machi ulitokea kwenye kioo kilichopasuka: tarehe tatu, saba, kumi na tisa, ishirini na nane. Chini yake mstari mmoja mtupu. Picha ilipigwa tarehe thelathini na moja Machi, saa kumi na dakika tano.

Mogga alipiga picha ya picha ile, kisha akamwomba asiifute na asiuze simu. Sandra alicheka bila furaha.

"Ijumaa asubuhi Shafiki alikuja kuchukua kitabu. Nikamwambia, kitabu hakitoki masijala. Akanijibu, wewe nenda likizo. Sikuwa nimeomba likizo."

"Barua za Mama Kulusum, zile tatu. Ulizipeleka wapi?"

"Mezani kwake. Zote tatu, mkono wangu huu. Ya mwisho nilimwambia, bosi, huyu mama anakuja kila wiki, mti unaonekana hapa dirishani, nenda hata kwa miguu. Akasema, anayetaka huduma huja na mafuta." Akatupa shina la karanga kwenye rundo. "Nilipaswa kupiga kelele. Sikupiga. Nina watoto wawili."

*

Siku ya pili, saa mbili asubuhi, Mogga aliingia ofisi ya Shafiki na askari mmoja nyuma yake. Mawingu yalikuwa yamekaa chini upande wa Kongo, na karatasi za ubao wa matangazo zilipepea.

"Karibu, afande. Umemaliza?"

"Karibu namaliza. Nisaidie jambo moja. Mti uliosimama, unapimaje urefu wake?"

"Kuna njia za kitaalamu. Kuna pembe, kuna hesabu."

"Na njia hiyo inakupa hadi sentimita?"

"Inategemea ustadi."

"Wewe ni stadi. Mita ishirini na saba na arobaini. Jana nilipima, nikapata hivyo hivyo, hata sentimita moja haikuzidi." Shafiki alitabasamu. "Lakini mimi nilipima gogo. Kisiki bado kimesimama pale, mita moja na ishirini. Machi kisiki hicho ulikiacha wapi?"

Tabasamu lilibaki mdomoni, macho yakaondoka.

"Labda nilikosea kidogo. Makadirio..."

"Twende kwenye uwazi. Sentimita sitini. Uliuonaje ndani ya mti mzima?"

"Niligonga. Mtaalamu akigonga anasikia."

"Anasikia sentimita?"

Mogga alivuta kiti, akakaa, akasogeza uso karibu.

"Nisikilize vizuri, kwa sababu nitaandika utakachosema. Una njia mbili. Ya kwanza: tarehe kumi na moja Machi ulikwenda kweli, ukajua mti umeoza ndani, unaning'inia juu ya chumba cha mtu, ukarudi hapa ukakaa miezi minne. Hukwenda hata siku moja kumuuliza mama mbona hajakata. Ya pili: hukwenda kabisa. Ulikwenda Ijumaa, siku moja baada ya mtu kufa, ukapima mti ukiwa chini, ukaandika tarehe ya uongo, na ukamdanganya mjane atie sahihi mbele ya wafiwa. Chagua."

"Afande, hujui kazi yetu. Maombi ni mengi. Ofisa ni mmoja. Pikipiki haina mafuta tangu mwaka jana."

"Kutoka mlango huu hadi kwenye mti ule ni hatua mia sita na arobaini. Nimezihesabu."

"Si haki mimi niende kazini kwa miguu kama..."

"Kama nani?" Mogga alisimama, na kiti kikaanguka nyuma yake. Askari aliyekuwa mlangoni hakuwahi kumsikia akipaza sauti, na alirudi hatua moja. "Kama mama wa miaka sitini? Yeye alikuja kwa miguu kila wiki, mwaka mmoja na nusu! Alikuja na karatasi yake mkononi kuomba ruhusa ya kuokoa watu ndani ya kiwanja chake mwenyewe, na wewe ulimwona kwenye dirisha hili, na mti uliuona kwenye dirisha hili, ukamwomba mafuta! Na mtu alipokufa, hukusema nimekosa. Ulikwenda na futi. Ukaleta viti!"

Kwenye ofisi ya jirani mashine ya chapa iliacha kuchapa.

Mogga aliweka simu yake mezani, picha ya Sandra ikiwa wazi. Mstari mmoja mtupu. Shafiki aliitazama, kisha akatazama dirishani.

"Wakubwa waliniambia niweke faili sawa," alisema kwa sauti ndogo. "Walisema tu, faili liwe sawa."

"Majina yao utaniandikia. Simama."

*

Kituoni, Shafiki aliingia kwa mlango uleule ambao Mama Kulusum alikuwa anatokea. Mama alimpisha kwa adabu, kama mtu anavyompisha mgeni, kabla hajamtambua.

Mogga alimweleza pale pale, mbele ya kaunta, habari ya viti na ya kitabu kilichokunjwa. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Basi ule mkono ulikuwa wangu kweli," alisema.

"Ulikuwa wako, Hajati. Nilikudhania mwongo. Nisamehe."

"Mimi mwenyewe nilijidhania. Niliona mkono wangu, sikukumbuka barua. Nikasema, Kulusum, akili imeanza kuondoka. Labda barua walileta. Labda mwalimu nilimuua mimi." Akashika ukingo wa kaunta. "Siku tano nalala na neno hilo, afande."

Ocokoru alikuwa amesimama nje, chini ya ukingo wa paa. Alikuwa amekuja tangu alfajiri, hakuna aliyemwita. Wanawake wale wawili walitazamana. Ocokoru alipiga magoti palepale kwenye changarawe, na mama akainama naye, na walilia pamoja kwa sauti hadi askari wa zamu akaingia ndani na kufunga mlango.

Mogga aliandika kwenye kitabu cha kituo saa ya kuachiwa. Chini yake aliandika pia idadi ya saa ambazo mama alikaa ndani, kwa herufi kubwa, na jina la aliyemweka. Hilo lingekuwa faili la pili.

Kisha alirudi barazani kuipekua meza ya Shafiki.

Droo ya juu ilikuwa na mihuri. Ya pili ilikuwa na kalamu na chaja. Ya tatu iligoma, ikafunguka kwa kuvutwa na askari, na ndani yake palikuwa na maombi yaliyobanwa kwa raba, mengine yameliwa na mende. Yote yalikuwa na muhuri wa kupokelewa. Hakuna hata moja lililokuwa na jibu. Mogga aliyatandaza mezani. Alifika ishirini na mbili, akaacha kuhesabu. Mti juu ya choo cha soko. Mti juu ya kitanda cha mgonjwa wa kupooza, jina lake Latifu, mtaa wa misikitini. Alionzi, fundi wa baiskeli, tawi limepasuka, watoto wangu wanalala chini yake, tafadhali bwana mkubwa.

Nje, upepo uligonga dirisha. Tone la kwanza la mvua lilipiga bati.

La chini kabisa lilikuwa la karatasi ya daftari la watoto, yenye mistari mipana. Mwandishi alikuwa mwalimu Sharifah, mwenye shule ndogo ya chekechea upande wa juu wa mji. Mti wa mvule nyuma ya darasa lake ulikuwa umelalia ukuta, mizizi ya upande mmoja imeinuka. Darasani mlikuwa na watoto thelathini na wanne. Ombi lilikuwa na miezi kumi na minne. Chini aliandika namba yake ya simu mara mbili, labda kwa kuogopa ya kwanza isisomeke.

Mogga aliangalia saa. Saa nne kasoro robo. Akapiga.

"Mwalimu Sharifah? Naitwa Sajini Mogga. Watoto wako wapi?"

"Darasani, afande. Tumefunga madirisha, naona mvua inakuja. Kuna nini?"

"Watoe sasa hivi. Wapeleke kwa jirani, kanisani, msikitini, popote mbali na mti ule. Acha mabegi. Halafu nitakutafutia watu wenye msumeno, leo hii."

Kwenye simu kulikuwa na kelele za watoto wanaoimba, na upepo ulioziba maneno.

"Afande, ule mti haukatwi bila barua," alisema mwalimu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa jambo hilo mara nyingi. "Nikiulizwa, nitasema ni kwa ruhusa ya nani?"

"Yangu," alisema Mogga. "Andika jina langu. Lakini kwanza watoe watoto."

Alisikia simu ikiwekwa mezani bila kukatwa, kisha makofi mawili, kisha wimbo ukakatika katikati, na miguu midogo mingi ikaanza kukimbia.